Nafasi Upande wa Kulia

Ijumaa, 27 Julai 2018

Robinah alinipa daftari hili siku ya harusi yetu, nami nikacheka moyoni. Bibi harusi ana nini cha kuandika, furaha inaandikwa? Leo, wiki tano kamili tangu niitwe mke wa mtu, nimelitoa kwenye karatasi yake. Clifford wangu amesafiri. Sasa hivi yuko angani, anakwenda India kwenye fungate yetu, na mimi niko International City, hapa Dubai, nimekaa kwenye kitanda chetu, nimepika chai ya watu wawili kwa mazoea.

Nieleze vizuri, nikizeeka nisije nikasoma nikadhani nilikuwa mwehu.

Clifford alikulia Kisumu, nyuma ya duka la Mhindi ambako mama yake alikuwa akinunua unga. Kila Desemba mwenye duka aliwagawia wateja kalenda zenye picha za miji ya kwao. Mwaka mmoja ikaja ya Jaipur: jumba la rangi ya waridi lenye madirisha madogo madogo mamia, kama sega la asali lililosimamishwa wima. Kalenda ile ilikaa ukutani kwao miaka minne baada ya mwaka wake kwisha. Siku aliponichumbia, ndani ya basi la kutoka kituo cha Rashidiya, hakuniambia atanijengea nyumba wala ataninunulia nini. Aliniambia, "Fridah, nitakupeleka kwenye yale madirisha." Nani angekataa?

Tukapanga. Mabegi mawili ya mgongoni, treni za kawaida, mji hadi mji: Mumbai, Ahmedabad, Udaipur, Jodhpur, Agra, na Jaipur mwisho kabisa, kama mtoto anavyoiweka nyama pembeni mwa sahani aimalizie. Viza tukapata sote. Ndipo Madam Hilwa, msimamizi wetu wa usafi kule hotelini Al Mankhool, akaniita akaniambia likizo yangu imesogezwa hadi baada ya Idi Kubwa, kwa sababu familia za Saudia zimeshika vyumba vyote. Likizo ya Clifford nayo haisogei. Kampuni yao ya ulinzi kule Jebel Ali hutoa likizo kwa makundi: waliokuja na ndege moja huondoka siku moja, na asiyeondoka husubiri zamu nyingine miaka miwili.

Alisema basi, haendi. Alikaa hapa hapa nilipokaa, akaanza kutoa nguo kwenye begi. Mimi ndiye niliyezirudisha. Mimi ndiye niliyesema, "Nenda na Zedekiya." Zedekiya alikuja Dubai na ndege ile ile, amelala kitanda cha juu ya Clifford kwenye kambi ya walinzi miaka sita, na ndiye aliyekuwa msimamizi wake harusini. Likizo yake alikuwa aimalize kambini akitazama dari.

Robinah, Mganda tunayeishi naye nyumba moja, yeye upande ule wa ukuta wa mbao na sisi upande huu, aliposikia alishika kichwa. "Banange! Bwana anakwenda fungate na msimamizi wa harusi? Na wewe umemfungia begi?"

Nimemfungia. Nimempigia pasi hata soksi. Na begi langu liko chini ya kitanda, limefungwa vile vile. Sioni haja ya kulifungua.

Jumamosi, 28 Julai

Amefika Mumbai. Anasema kunanyesha na ananipenda. Hapa joto digrii arobaini na tano.

Jumatatu, 30 Julai

Picha ya kwanza! Clifford mbele ya lango kubwa la mawe ufukweni, shati limelowa chapachapa, anacheka meno yote nje. Jamani, huyu ni mume wangu. Nimeionyesha kwa kila mtu hotelini, hadi mgeni wa chumba 508 aliyekuwa anasubiri taulo tu.

Ila Zedekiya hajui kupiga picha. Clifford yuko pembeni kabisa, upande wa kushoto, na upande wote wa kulia ni mvua na lango na watu wa watu. Mtu unamweka katikati, hata mtoto anajua.

Huku simu za mtandao zimefungwa, kwa hiyo tunatumiana sauti. Sauti zake nazisikilizia kwenye chumba cha mashuka, mlango nimeurudisha, uso nimeuegemeza kwenye mataulo yaliyotoka kufuliwa. Yana joto. Nafumba macho, halafu nabonyeza.

Alhamisi, 2 Agosti

Vyumba kumi na sita leo. Watoto wa 312 wamemwaga asali kwenye zulia.

Jumapili, 5 Agosti

Udaipur. Mji umekaa juu ya ziwa, na mvua inapiga maji kwa maji. Sauti ya leo ilikuwa ya dakika nne. Clifford ananieleza mzee mmoja kwenye treni aliyewagawia chapati na achari, akawauliza kama ni ndugu, na Zedekiya akadakia, "Hapana mzee, huyu ni mume wangu, niko fungate." Kisha wanacheka wote wawili, wanacheka mpaka ujumbe unakatika.

Nimeurudia mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka nao. Mara ya pili nikasikia kwamba kati ya dakika nne zile, moja na nusu ni kicheko cha Zedekiya. Mara ya tatu nikasikia kwamba Clifford hachekagi hivyo akiwa na mimi.

Picha imekuja. Clifford kushoto, ziwa kulia. Nikamwandikia: mwambie rafiki yako akuweke katikati. Akanijibu kwa vikaragosi vya kucheka, basi.

Jumatano, 8 Agosti

Unyevu. Ukitoka mlangoni miwani inazibwa na ukungu. Kutoka hapa hadi kituo cha basi nguo zinaganda mgongoni, halafu metro inakugeuza barafu, halafu ukishuka kituo cha BurJuman unaiva tena. Nimelala nikiwa nimevaa fulana yake ya kazini, ile yenye nembo ya kampuni kifuani.

Ijumaa, 10 Agosti

Nimekwenda kanisani Jebel Ali peke yangu. Miezi miwili haijafika tangu tusimame pale mbele, na leo wanakwaya waliniuliza, "Mzee yuko wapi?" Nikasema yuko India. "Kikazi?" Nikasema fungate. Mmoja akasema anataka kuwahi basi.

Kwa nini naona haya? Nilikuwa na raha ya kusema vile mwezi uliopita. Nilikuwa naona ni mapenzi makubwa kuliko ya watu wote, mapenzi ya kumwachia mtu aende. Bado naona hivyo. Naona hivyo hasa asubuhi.

Jumapili, 12 Agosti

Jodhpur. Nyumba za buluu. Clifford kushoto. Robinah aliitazama picha akaniuliza, "Huyu Zedekiya ana jicho moja?" Tukacheka hadi jirani wa juu akagonga.

Jumanne, 14 Agosti

Agra. Lile kaburi jeupe ambalo mfalme alimjengea mke wake. Clifford wangu mbele yake, kushoto, mkono mmoja ameuinua pembeni kama aliyemshika mtu bega. Nikakasirika ghafla, hata sijui hasira ilitoka wapi. Nikamtumia Zedekiya mwenyewe ujumbe: "Shemeji, jengo la mapenzi kuliko yote duniani, na bado umeshindwa kumweka mume wangu katikati?"

Akajibu, "Pole shem. Mikono yangu ni ya rungu, si ya kamera."

Nilijuta kidogo. Kidogo tu.

Alhamisi, 16 Agosti

Wako kwenye treni ya Jaipur! Kesho madirisha. Sijawahi kufika lakini nimeshavaa viatu kama mimi ndiye nashuka.

Ijumaa, 17 Agosti

Hakuna ujumbe.

Jumamosi, 18 Agosti

Hakuna ujumbe. Robinah anasema ni mtandao. Nimetandika kitanda kimoja cha 410 mara mbili.

Jumapili, 19 Agosti

Imekuja saa nne asubuhi, nikiwa na toroli mbele ya lifti. Sauti yake imekauka.

Hawakuyaona madirisha. Ijumaa asubuhi walishuka kwenye treni mvua inamwagika, wakatafuta malazi, na kwenye ngazi za mawe za nyumba ya wageni Zedekiya akateleza na begi lake mgongoni. Mfupa wa paja umevunjika, sehemu mbili. Alikuwa anapiga mayowe, anasema Clifford, na simu ya Clifford ilikuwa imelowa haiwaki, ndiyo maana. Kesho wanampasua wamtie chuma.

"Fridah, huku hospitali mgonjwa halazwi bila mtu wake. Daktari anaandika dawa, mtu wake anashuka chini kuinunua. Damu, mtu wake anaifuata. Chakula, mtu wake. Mimi ndiye mtu wake. Nalala kwenye mkeka chini ya kitanda chake, kama kule kambini, yeye juu mimi chini." Alijaribu kucheka.

Nikajifungia kwenye chumba cha mashuka nikalia. Niandike ukweli, daftari langu hakuna mwingine anayelisoma. Sikumlilia Zedekiya. Nilikuwa nahesabu siku. Daktari amesema atalala wiki mbili au zaidi. Na Clifford likizo yake inakwisha Jumapili ijayo, tarehe 26.

Jumatatu, 20 Agosti

Wamempasua. Yu hai, anaongea, ameomba ugali.

Jumanne, 21 Agosti. Idi.

Vyumba ishirini na mbili. Miguu imevimba. Kila mlango naofungua kuna familia imekaa kwenye kapeti imezunguka sinia moja, wananikaribisha, "Taali, taali, kula." Nikala tonge moja chumba 201, nikakimbilia toroli langu, kwa jinsi walivyokuwa wengi na wamefurahi.

Jumatano, 22 Agosti

Leo nimefanya jambo.

Clifford alituma sauti asubuhi na mapema. Naiandika jinsi ilivyo, nimeisikiliza mara nyingi kiasi hicho.

"Mke wangu. Nisipokuwa kwenye geti Jebel Ali likizo ikiisha, wananiandika mtoro. Unajua maana yake. Viza inafutwa, nafungiwa nchi, narudi Kisumu na wewe unabaki Dubai na mkataba wako wa mwaka mzima na nusu. Tutakuwa tumeishi pamoja wiki tano. Lakini nikiondoka, Zedekiya anabaki na nani? Hawezi hata kugeuka. Nimewaza hadi kichwa kinauma. Nimeona nikuulize wewe, kwa sababu haya ni maisha yako pia. Ukiniambia rudi, nitarudi. Niambie tu."

Nilikuwa nimesimama kati ya rafu za mashuka. Nikawaza chumba chetu, upana wake hatua nne. Nikawaza fulana yake, jinsi harufu yake inavyopungua kila nikilala nayo. Nikawaza mwaka mzima na nusu wa kujibu "mzee yuko wapi". Na nikawaza, Mungu anisamehe, kwamba mtu huyu Zedekiya amekwenda kwenye fungate yangu, ameketi kwenye kiti changu cha treni, amekula chapati zangu, na sasa anataka kunichukulia na mume.

Nikabonyeza nikasema. "Mwache. Hospitali haiwezi kumtupa mtu nje. Yeye ana karatasi ya daktari, wewe huna. Mimi ndiye mke wako, Clifford, si yeye. Mwache, rudi nyumbani."

Ikaondoka. Nikaisimamia. Baada ya dakika kama kumi ile alama ndogo ya kipaza sauti ikageuka buluu. Amesikia.

Hakujibu. Mchana hakujibu, jioni hakujibu.

Alhamisi, 23 Agosti

Hajajibu. Sasa najua mimi ni mke wa namna gani, na yeye pia anajua.

Ijumaa, 24 Agosti

Siku yangu ya mapumziko. Sikwenda kanisani, nilipita kanisa nikaendelea na basi hadi kambini kwao, kwenye ofisi ya Stephen, Mkenya anayewapanga walinzi zamu. Kibanda cha bati, kiyoyozi kinanguruma kama trekta.

"Shemeji, karibu. Najua kilichokuleta," alisema. "Mimi sikutunga sheria."

"Mtu yuko na mgonjwa, Stephen. Si kwamba anastarehe."

"Mgonjwa nimemwandikia. Zedekiya ana barua ya hospitali, huyo hata akikaa mwezi yuko salama. Shida ni mzima. Mzima hana karatasi." Akajikuna kidevu. "Sikiza. Naweza kusema yuko njiani. Siku nne. Alhamisi tarehe thelathini, saa kumi na mbili asubuhi, jina linasomwa getini. Asipoitika, arbab, bosi mwenyewe, atapeleka jina lake uhamiaji, khalas, imekwisha, hapo hata mimi siwezi."

"Na akija, Zedekiya atabaki na nani?"

"Hilo," Stephen alisema, "kampuni haina fomu yake."

Nilikuwa kwenye metro, sijui kituo gani, madirisha yote yamejaa jua na vumbi, simu ikatetemeka. Clifford. Nikaogopa kuibonyeza.

"Fridah, mke wangu, mbona hujanijibu? Juzi nimekuuliza jambo kubwa, hadi leo kimya. Umekasirika? Nikikosea niambie. Nakungoja wewe."

Niliisikiliza tena, na tena. Hujanijibu! Nikaangalia ujumbe wangu wa Jumatano: upo, na alama yake ni ya buluu. Ameusikia. Ameyasikia yale maneno mabaya na ameamua kuyafanya hayakusemwa. Ananipa nafasi ya pili ya kujibu. Ni mwanamume gani duniani anafanya hivyo? Abiria mbele yangu alinipa karatasi ya kujifutia, nilikuwa nalia na kutabasamu kwa pamoja kama kichaa.

Na pale pale, kabla treni haijasimama, nikajua la kusema. Begi langu liko chini ya kitanda, limefungwa. Viza yangu iko hai. Baada ya Idi, Madam Hilwa alisema. Basi Idi imepita.

Nikabonyeza: "Usimwache. Mimi nakuja kukaa naye. Wewe utarudi getini tarehe thelathini."

Likizo nilikuwa sijaomba bado.

Jumamosi, 25 Agosti

Madam Hilwa ni mzaliwa wa Unguja, amelelewa Dubai tangu mdogo, Kiswahili chake kimebaki kitamu kama cha bibi yake lakini jicho lake ni la askari. Nilimkuta anahesabu foronya.

"Madam, ulisema likizo yangu ni baada ya Idi."

"Nlisema baada ya Idi, sikusema asubuhi ya baada ya Idi. Wageni bado wamo ndani, mwanangu."

Nikamweleza yote, nimesimama. Mume, rafiki, mfupa, geti. Aliendelea kuhesabu hadi mwisho wa rundo, akaandika, akavua miwani.

"Kwa hivyo bwana harusi kenda fungate na rafiki yake, na sasa rafiki kavunjika, na bibi harusi ndiye anakwenda kumuuguza, bwana harusi arudi kazini?"

"Ndiyo, madam."

"Hee! Na mimi ndiye niliyesababisha, kwa likizo yako." Akairudisha miwani usoni. "Siku kumi na mbili. Si kumi na tatu. Na ofisi inayoweka pasipoti zenu imefungwa mpaka kesho, usinililie hapa, kesho saa mbili uwe mlangoni. Yalla, mia mbili na tatu inakungoja."

Jumapili, 26 Agosti

Mwenye ufunguo wa kabati la pasipoti alifika saa saba mchana. Nimekaa mlangoni kwake saa tano. Ninayo.

Jumatatu, 27 Agosti

Robinah amenisuka nywele, mistari minne tu, za safari. "Ukifika," akasema, "mwambie huyo Zedekiya kamera iko na katikati." Nimevuta begi kutoka chini ya kitanda. Lilikuwa na vumbi la mwezi mzima.

Jumatano, 29 Agosti. Jaipur.

Nilifika jana alasiri, kwenye mvua. Alikuwa amesimama chini mlangoni mwa hospitali, amekonda, ndevu zimemwota. Nilikuwa nimepanga maneno ndege nzima, nikaishia kumshika ndevu. Tulikaa kwenye benchi la korido, karibu na dirisha la dawa, tukanywa chai ya maziwa kwenye vikombe vidogo vya udongo. Akanifundisha kazi: dawa za asubuhi zinanunuliwa wapi, muuguzi gani ni mkali, Zedekiya hapendi wali. Hiyo ndiyo fungate yetu, jioni moja na vikombe vinne. Sijawahi kunywa chai tamu hivyo, na sijawahi kuwa mpweke hivyo nikiwa nimeegemea bega la mtu, kwa sababu kila nilipopumua niliisikia saa yake ya mkononi.

Kuhusu ujumbe ule wa Jumatano hakutaja. Nami sikutaja. Nilimshika mkono kwa nguvu tu, ajue nimeelewa.

Leo alfajiri ameondoka.

Alhamisi, 30 Agosti

Picha kutoka Jebel Ali: Clifford na sare, kofia, geti nyuma yake. Stephen ameipiga. Yuko katikati kabisa. Ameitika jina.

Jumapili, 2 Septemba

Zedekiya ana haya kuliko nilivyodhani. Siku mbili za kwanza alikuwa anaomba maji kana kwamba anaomba figo. Mimi kazi yangu ni vitanda, basi nimemtandikia kitanda cha hospitali kwa pembe za hoteli, shuka limenyooka hadi muuguzi mkali akaja kuuliza nimefanyaje. Sasa nawafundisha wauguzi wawili.

"Shem," Zedekiya akasema, "ukinikunjia shuka hivi naogopa kulala. Naona kama nitadaiwa chumba."

Nikacheka. Nikajisikia ninavyocheka, mpaka tumbo likaniuma.

Jumanne, 4 Septemba

Wametutoa hospitali. Tuko kwenye nyumba ya wageni yenye chumba chini, bila ngazi. Anatembea kwa magongo, hatua kumi halafu anakaa.

Mchana nilikuwa namenya chungwa, akasema bila kunitazama, "Fridah. Kuna jambo nimebeba, na mguu peke yake unanitosha."

Akaniambia. Ile Jumatano Clifford alikuwa ameshuka kufuata damu kwenye benki, amemwachia simu kitandani. Ujumbe ukaingia. Alidhani ni salamu zangu za kawaida, wanazosikilizaga wote wawili. Akabonyeza.

"Nilisikia yote. Halafu nikaifuta, kwenye simu yake. Clifford hakuisikia, hadi leo hajui."

Chungwa lilinianguka. Nilitamani sakafu inimeze. "Kwa nini uliifuta? Ili asikuache?"

"Angeisikia, angeniacha? Wewe humjui mumeo?" Akatikisa kichwa. "Angebaki. Angebaki, na angekuwa amekukatalia. Miaka yote mngekuwa na hilo kati yenu, na jina langu juu yake. Nikaona bora asikie kimya, akuulize tena. Mtu hasemi neno lile mara mbili. Mimi mwenyewe, ningekuwa wewe, ningelisema mara ya kwanza."

Nilimtazama mtu huyu niliyemwandika vibaya kurasa zote hizi, mguu wake umenyooshwa juu ya begi langu.

"Nisamehe, shemeji."

"Nami nilikula chapati zako kwenye treni," alisema. "Hatudaiani."

Ijumaa, 7 Septemba

Mvua imekatika. Kesho tunarudi Dubai. Nikamwambia Zedekiya siwezi kuondoka Jaipur bila kuyaona madirisha, akasema hata yeye, mfupa haukuvunjika kwa ajili ya dari ya hospitali. Tukachukua bajaji.

Na kweli ni ya rangi ya waridi. Ni marefu, yanapanda juu na juu, mamia, na kila dirisha lina kivuli chake. Nilisimama barabarani pikipiki zinanipitia mbele na nyuma, nikamwona mtoto wa Kisumu mbele ya ukuta wenye kalenda iliyopitwa na wakati. Nililia bila kujificha. Anayelia mjini kwa watu hana wa kumwonea haya.

Zedekiya aliegemea nguzo, akaweka gongo moja kwapani, akatoa simu. "Simama nikupige."

"Ukinipiga, tafadhali, katikati. Usinifanye kama ulivyomfanya Clifford, nusu ya picha tupu kila mji."

Akaishusha simu. "Hakukuambia?"

"Kuniambia nini?"

"Shem, unadhani mimi ni kipofu? Tangu Mumbai, kila picha, naambiwa, 'Zeddy, acha nafasi ya Fridah hapo kulia. Zeddy, songa, umekula nafasi ya mke wangu.' Agra tulirudia mara kumi na moja, kwa sababu ya ule mkono wake aliouinua. Kuna studio kule Dubai, mtaa wa Karama, Mhindi mmoja, anaunganisha watu kwenye picha. Alitaka mwisho wa likizo akupeleke, upigwe picha, uingizwe kwenye miji yote. Ilikuwa siri. Ulipoandika mimi sijui kupiga picha, nilitaka kukutukana."

Nikatoa simu yangu nikazifungua moja baada ya moja, lango, ziwa, nyumba za buluu, kaburi jeupe. Upande wa kulia, kila mahali, upana wa mtu mmoja. Nilikuwa nimeutazama mwezi mzima nikiona utupu.

Magari yalipiga honi. Nikavuka nikasimama mbele ya madirisha, nikasogea, nikasogea tena, hadi nikawa pembeni kabisa, upande wa kulia wa picha. Nikainua mkono wa kulia kidogo, kama niliyemshika mtu kiuno.

"Zeddy," nikamwita kutoka ng'ambo, "acha nafasi hapo kushoto."

"Najua, shem," akasema, simu tayari iko jichoni. "Nimezoea."